Kawia Ufike: Kushuka Basi na Kuvuka Barabara



Jumamosi iliyopita, kabla ya kengele ya darasa, mwanafunzi wetu mmoja alishuka basi hapo kituoni karibu na ukumbi. Akawaona wenzake ng'ambo ya barabara, akazunguka mbele ya basi, akakimbia. Gari lililokuwa linalipita basi lilifunga breki kwa nguvu. Tulisikia matairi mpaka ndani. Mtoto alianguka kwa mshtuko, akachubuka goti na kiganja. Mimi ndiye niliyemsafisha. Mikono yake ilitetemeka, na sitaficha, yangu pia. Kazini kwangu nimewauguza watu ambao gari lao halikuwahi kusimama.

Nilipomuuliza kwa nini amekimbia, alinijibu: "Lakini mwalimu, basi lilikuwa limesimama."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niweke kando ngeli wiki hii. Mtoto alisema kweli: basi lilikuwa limesimama. Yaliyobaki hayakusimama.

Basi ni ukuta

Basi la ghorofa hapa London lina kimo cha zaidi ya mita 4. Ukisimama mbele yake au nyuma yake, wewe huoni magari na magari hayakuoni wewe. Dereva anayelipita basi anakuona pale tu unapotokeza, na hapo umeshafika mbele yake.

Gari haliwezi kusimama papo hapo. Kitabu cha sheria za barabarani cha Uingereza kinaeleza hivi: gari likienda maili 20 kwa saa, linahitaji mita 12 mpaka lisimame. Likienda maili 30, linahitaji mita 23, yaani urefu wa magari sita yaliyopangwa mstari mmoja. Katika hizo 23, mita 9 zinakwisha dereva akiwa bado anawaza kukanyaga breki. Mvua ikinyesha, hesabu hiyo ni mara mbili au zaidi. Na mvua ya huku mnaijua.

Kwa hiyo kanuni ni moja: ukishuka, simama kando. Ngoja basi liondoke, uone barabara pande zote mbili, ndipo ufikirie kuvuka. Ni suala la nusu dakika tu.

Wenye binamu Marekani wameona kwamba basi la shule la njano likisimama na kuwasha taa nyekundu, magari mengine yanalazimika kusimama. Hapa Uingereza sheria hiyo haipo. Hakuna gari litakalokusimamia kwa sababu tu umeshuka basi.

Kulia au kushoto?

Wengi wetu tumetoka Kenya, Tanzania au Uganda, ambako magari hupita kushoto kama hapa. Lakini shuleni kwetu tuna familia kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na Oman, ambako magari hupita kulia. Mgeni kutoka huko hugeuza shingo upande aliouzoea, kumbe gari linamjia kutoka upande wa pili. Hapa, ukisimama ukingoni mwa barabara ya njia mbili, gari la karibu nawe linatoka kulia. Angalia kulia, kushoto, kisha kulia tena. Mgeni akija kwenu, mwambieni siku ya kwanza, kabla hajatoka kununua mkate.

Angalieni pia baiskeli. Vituo vingine vina njia ya baiskeli inayopita kati ya pale unaposhukia na njia ya waenda kwa miguu.

Mahali pa kuvukia

Kivuko cha zebra kina mistari myeupe na taa za mviringo za rangi ya machungwa juu ya nguzo. Taa hizo zilianza mwaka 1934, wakati Leslie Hore-Belisha alipokuwa waziri wa usafiri, na mpaka leo zinaitwa kwa jina lake. Mistari ilifuata mwaka 1951. Tangu Januari 2022, kanuni zinamtaka dereva ampishe hata mtu anayesubiri kuvuka kwenye zebra, siyo yule aliyekwisha kuingia peke yake. Lakini msiende kwa kuitegemea kanuni. Ngojeni mpaka magurudumu yasimame, mtazameni dereva machoni, ndipo mvuke.

Kwenye taa, bonyeza kitufe usubiri mtu wa kijani. Akianza kuwakawaka na wewe bado uko ukingoni, usianze safari.

Na kama kituo chenu hakina kivuko karibu, shukeni kituo chenye kivuko, hata kama ni cha mbele. Mkikosa basi pia, msilikimbilie. Hapa London, ukishalipa nauli, mabasi mengine utakayopanda ndani ya saa moja hayakutozi tena. Haraka hiyo haiokoi hata senti.

Kwa bibi na babu

Sisi tuliokulia kwenye daladala tuna mazoea yetu. Unapaza sauti "Shusha!", unainuka gari likiwa bado linakwenda, unajisogeza mlangoni, maana konda hana subira. Wazee wetu wanaokuja kutembea huku wanafanya vivyo hivyo, na basi likikata kona wanaanguka. Mzee akivunjika nyonga, mara nyingi anafanyiwa upasuaji, na wengine hawarudi kutembea kama zamani. Mwambieni bibi: kengele ikishalia, dereva amesikia. Akae kitako mpaka basi lisimame kabisa. Dereva akiondoka upesi kabla bibi hajakaa, si utovu wa adabu kumwomba asubiri.

Jua kuzama mapema

Desemba jua la London linazama kabla ya saa 10 jioni, ile ambayo saa za hapa huiita saa nne. Tukifunga darasa, nje ni giza. Makoti meusi yanapendeza, lakini dereva hayaoni. Funga hata skafu nyeupe, au mkanda unaong'aa ukimulikwa na taa.

Kazi ya wiki

Wanafunzi: tembeeni na mzazi kutoka kituo chenu mpaka nyumbani. Choreni ramani, mtie alama kila mahali salama pa kuvukia, na muandike kwa Kiswahili: *kituo*, *kivuko*, *ukingo*, *njia panda*. Wale wa Tanzania wanaweza kuongeza *kipilefti*, na wazazi watawaeleza ni kitu gani. Tutazibandika ramani ukutani.

Wazazi: kazi yenu ni ngumu zaidi. Watoto wanatufuata miguu, siyo maneno. Wiki hii, mkiwa mmechelewa na basi limesimama mbele yenu, simameni kando mlingoje liondoke, mtoto akiwaona.

Yule mwanafunzi anaendelea vizuri. Goti limefunga kigaga, na ameniomba awe wa kwanza kuleta ramani.

Kwetu mabasi mengi yaliandikwa nyuma maneno mawili ambayo nilipokuwa mdogo niliyaona ya mzaha tu: Kawia Ufike. Darasa letu linaanza saa 4 asubuhi, lakini atakayechelewa kwa sababu alingoja basi liondoke, mlango ataukuta wazi.