Rangi ya Kuzaliwa na Rangi ya Leo

Usione vyaelea, vimeundwa. Msemo huu hunijia kila nionapo gari kuukuu lililotunzwa vyema likipita barabarani, mathalani Peugeot 404, aina iliyoshinda mashindano ya Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwenye gari kama hilo akiona mkwaruzo mmoja mlangoni hukosa usingizi. Aghalabu hukimbilia dukani, akataja jina la rangi na kuuziwa mkebe wa kupuliza. Na kabla ya jua kutua, mlango una kiraka kionekanacho toka ng'ambo ya barabara. Hapo humlaumu muuza duka, au fundi wa jua kali aliyempulizia. Mimi nasema lawama hiyo si ya haki.

Mosi, jina la rangi hudanganya. Nyeupe si moja, wala nyekundu si moja. Ndiyo sababu viwanda vilizipa rangi nambari: kwa Volkswagen, L87 ilikuwa nyeupe ya lulu, na L41 nyeusi. Aghalabu nambari hiyo huwa kwenye kibati kilichofichwa chini ya boneti, ndani ya buti au pembeni mwa mlango. Asiyeitafuta anamtaka muuza duka apige ramli.

Pili, nambari nayo haimalizi kazi. Inaeleza rangi ya kuzaliwa, si rangi ya leo. Gari lililoota jua kwa miaka hamsini limechujuka, na paa lake halifanani tena na bati lililojificha chini ya mpira wa mlango. Anayeifuata nambari bila kulitazama gari atapata rangi iliyo sahihi kwa kitabu na potofu kwa macho. Fundi mwenye busara huosha kwanza sehemu iliyo jirani na mkwaruzo, akaisugua kwa dawa ya kung'arisha, kisha hulinganisha na hiyo.

Tatu, kuna hila za mwanga. Rangi mbili zilizochanganywa kwa viungo tofauti zaweza kufanana kabisa chini ya taa ya duka, zikaachana mara tu zifikapo juani. Kwa hivyo kipande cha majaribio hutazamwa nje, juani na kivulini pia. Aidha, hutazamwa kikiwa kimekauka, kwani rangi nyingi hubadilika zikikauka. Kipulizwe juu ya rangi ya msingi ile ile itakayotumika mlangoni, kwa tabaka nyepesi kadhaa, mkebe ukiwa umbali wa sentimita 20 hadi 30 hivi. Rangi yenye chembe za metali ni ngumu zaidi: chembe hulala kwa jinsi ulivyopuliza, na mkebe mmoja waweza kukupa rangi mbili.

Kuna atakayesema kwamba siku hizi ziko mashine za kupima rangi. Ni kweli, na zinasaidia sana. Lakini mashine ikielekezwa kwenye bati chafu au lililopauka itapima uchafu na mpauko huo kwa uaminifu. Jicho la fundi lingali lahitajika.

Fauka ya hayo kuna suala la uhai. Rangi za zamani huenda zina risasi, hivyo msasa utumiwe na maji ili vumbi lisipae. Mikebe yenye kigumishi hutoa isosaianeti, sumu iwezayo kumletea mtu pumu ya maisha. Kitambaa alichojifunga kijana puani hakiizuii hata kidogo.

Mkebe wa rangi ya kupuliza ulibuniwa na Mmarekani Edward Seymour mwaka 1949. Alirahisisha kazi ya mkono. Kazi ya akili alituachia wenyewe. Basi walimu wa fizikia na kemia, mnapofundisha mwanga na viungo vya rangi, wapelekeni wanafunzi kwenye gereji iliyo karibu, wakamwone fundi akilinganisha vibati juani. Watajifunza kwamba kumbukumbu iliyoandikwa ni mwanzo wa uchunguzi, si mwisho wake. Nao huenda wakaacha kumdharau mtu aliyechafuka mikono, ilhali anatenda kila siku yale wanayoyakariri kwa ajili ya mtihani.