Ukitaka kuingiza bao kwenye simu, anzia barazani

Wewe unayejua kuandika programu kidogo na unatafuta gemu ya kutengeneza, achana na mazombi kwanza. Pita Majengo jioni, simama nyuma ya wazee wa bao, halafu ujiulize: hii kitu naiandikia simu vipi?

Kwa macho ni rahisi. Mashimo 32, safu nne za manane, kete 64. Kila mtu ana sita kwenye nyumba, mbili mbili kwenye mashimo mawili yanayofuata, na 22 mkononi. Hiyo utamaliza usiku mmoja. Kula nako ni hesabu tu: ukiweza kula lazima ule, kwa hivyo simu inawasha mashimo unayoruhusiwa na kuzima mengine.

Kazi iko kwenye nyumba. Umekula, unatawanya, kete ya mwisho ikaangukia mle ndani. Una hiari: ulale hapo, ama uivunje uendelee na safari. Kwenye drafti ukisogeza umesogeza, basi. Bao linakuuliza swali katikati ya mwendo, na mpinzani anakukodolea macho. Ukileta kidirisha cha “Ndiyo au La” umegeuza mchezo kuwa fomu ya serikali. Afadhali nyumba yenyewe iwake. Uiguse kuivunja, uguse kando kulala.

Halafu kasi. Fundi wa bao anajua mkono wake utaishia wapi kabla hajaokota kete. Mholanzi Alexander de Voogt aliwachunguza mafundi wa Zanzibar, na mwaka 1995 akatoa tasnifu kuhusu wanavyopiga hesabu hizo kichwani. Simu ikitawanya polepole, fundi ataifunga. Ikikimbiza, mgeni haoni kitu. Weka kasi mbili, sawa, lakini usithubutu kuweka kitufe cha kuonyesha mwisho wa mwendo mapema. Ujuzi wote uko hapo, na utakuwa umeuiba.

Kuna pia mwendo unaoweza kuzunguka bila kukoma. Barazani watu watabishana, watacheka, watakubaliana. Simu itaganda, usipoiambia mapema la kufanya.

Ndio maana nawaheshimu wale wa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa 1974. Mezani kuna msimamizi wa kuamua lisilo kitabuni. Kompyuta haina mtu huyo. Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023 ilibidi iandikiwe maamuzi hayo yote kabla, lakini dadu wakaiacha ibingirike mbele yako, roho juu. Walijua kitu gani hakifai kufichwa.

Kwetu kuna swali zito zaidi. Sheria za bao hubadilika toka mahali hadi mahali, na zilizoandikwa sana ni za Zanzibar. Ukizitia hizo peke yake, mtoto wa Majengo aliyefundishwa na simu atamwambia babu yake ati anakosea. Babu naye hana apu ya kujitetea.

Gemu ninayoijenga mimi inauliza kabla ya kete ya kwanza: tunacheza kwa sheria za nani? Kufikia sasa ina baraza mbili. Ukienda kuuliza ya tatu, enda baada ya alasiri, keti, tazama mechi nzima, na usitoe simu mfukoni kabla hujaambiwa ucheze.