Siku Mbili Katika Nairobi

Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Basi mtu ajaye Nairobi kuwazuru jamaa zake katika mitaa ya mashariki, kama vile Kaloleni, Bahati au Jericho, ana siku mbili tu za kuutazama mji kabla hajapewa kazi. Wageni wengi hupelekwa moja kwa moja katikati ya mji, hutazama majumba marefu mpaka shingo zikawauma, kisha hurudi makwao wakidhani wameiona Nairobi. Hawakuambiwa ni nani waliotumika kuujenga mji huo, wala ya kuwa wengi wa watu hao walikaa katika mitaa ile ile walimolala wageni.

Siku ya kwanza yafaa kufuata habari za reli, maana ndiyo iliyouzaa mji. Reli kutoka Mombasa ilifika hapa mwaka 1899, wakati palipokuwa tambarare yenye maji baridi tu. Ukitoka Kaloleni kwa Barabara ya Jogoo utafika Muthurwa. Leo watu hupajua kwa soko na kituo cha magari, lakini zamani palikuwa makao ya wafanyakazi wa reli. Endelea kwa Barabara ya Haile Selassie mpaka pembe ya Barabara ya Moi. Hapo pana bustani ya ukumbusho wa watu 213 waliouawa kwa bomu tarehe 7 Agosti 1998. Ingia kwa utulivu, uyasome majina. Kisha nenda kwenye Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971 karibu na stesheni, ukazione gari za moshi za zamani.

Siku ya pili anza asubuhi Gikomba, penye soko kubwa la mitumba. Ficha fedha zako vizuri, wala usimpige mtu picha bila kumwomba ruhusa. Kutoka hapo si mbali kufika Kariokor, ambako huuzwa vyondo na viatu vya ngozi. Jina hilo si la kabila lo lote. Limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, ambao kambi yao ilikuwa hapo wakati wa vita vya 1914 hadi 1918. Wapagazi hao walichukua mizigo ya jeshi vichwani, na maelfu kwa maelfu walikufa kwa njaa na maradhi.

Likumbuke jina hilo unapoingia mjini. Pita kwanza katika Nyumba ya Kumbukumbu za Taifa, lakini uende siku ya kazi. Mbele yake imesimama sanamu ya Tom Mboya, aliyekuwa mbunge wa upande wa mashariki ya Nairobi, na aliyeuawa kwa risasi karibu na hapo tarehe 5 Julai 1969. Kisha nenda Barabara ya Kenyatta. Huko utaona sanamu ya watu watatu, iliyowekwa mwaka 1928. Wapitao huiita sanamu ya askari, lakini mmoja wa watatu hao ni mpagazi. Aliyetoka Kariokor asubuhi hiyo atamtambua. Asiyefika huko atapita tu.

Mwisho panda juu ya jumba la mikutano la KICC, lililomalizika mwaka 1973, lenye ghorofa 28. Wageni hukubaliwa kupanda kwa kulipa ada. Wengi hukimbilia kutazama kusini, iliko mbuga ya wanyama iliyotengwa mwaka 1946. Nawe itazame, kisha geuka mashariki. Utaona mapaa ya mitaa ulimolala, na njia uliyopita kwa miguu. Wachukue na watoto wa jamaa zako, kwa maana wako wengi waliozaliwa mitaani humo wasiojua habari hizi.