Karafuu Haimngoji Nyuki, Tikiti Linamngoja

Pemba imeishi kwa ua lisiloachwa lichanue. Karafuu huchumwa ikiwa tumba, pale linapoanza kupiga wekundu. Likishafunguka, thamani imekwenda. Tangu kimbunga cha 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja, kisiwa hiki ndicho kilichobeba zao hilo, na mchumaji hakuwa na sababu ya kumhesabu nyuki miongoni mwa vibarua wake.

Bustani ya matunda haiendi hivyo. Tikiti, tango na boga huwa na ua dume na ua jike mbalimbali. Ua jike hulikosi: chini ya petali pana kitunda kichanga, kimeshaumbika. Lakini chavua ya mimea hii inanata, haipeperushwi na upepo. Lazima mdudu aingie ua dume, atoke na vumbi la manjano mwilini, aende ua jike, tena si mara moja, na yote hayo asubuhi, kwani ua la boga hujifunga kabla ya adhuhuri na halifunguki tena. Asipokuja, kitunda hunyauka na kuanguka. Wakija wachache, tunda hupinda. Mkulima asiyelijua hilo hudhani ni maradhi, akazidisha dawa, na dawa ikawamaliza nyuki waliobaki.

Kazi ya mdudu ina gharama gani? Tuitazame vanila. Asili yake Meksiko, na wadudu wake walibaki huko. Ndiyo maana Afrika Mashariki kila ua huchavushwa kwa mkono na kijiti, kwa mbinu aliyoigundua Edmond Albius, mtumwa wa miaka 12 kisiwani Réunion, mwaka 1841. Vanila ina bei ya kuilipa kazi hiyo. Tango halina.

Pemba bado ina hazina: mikoko inayochanua mbali na dawa, msitu wa Ngezi, na miti mikongwe yenye mapango wanamoishi nyuki wadogo wasiouma. Hata gogo kavu lina faida, maana humo hutoboa nyuki mkubwa mweusi, fundi wa ua la pesheni, ambalo nyuki wa asali ni mdogo mno kwake. Lakini kurina asali kwa moto huteketeza kundi zima la nyuki; moshi na mzinga wa kisasa huliacha hai.

Na ikibidi kupiga dawa, ipigwe jioni, nyuki wakisharudi mzingani. Hilo halimgharimu mkulima hata shilingi. Aanze nalo msimu huu.