Povu la Kifafa Halimwambukizi Mtu

Kila muhula ufunguliwapo, walimu wakuu huniletea swali lile lile, huyu kwa barua na yule kwa kuninong'oneza mlangoni: mtoto mwenye kifafa akalishwe mbali kiasi gani ili povu lake lisiwaambukize wenziwe? Miaka mingi nimelijibu kwa upole, na upole sasa umenipungukia, kwa kuwa aghalabu swali lenyewe hunifikia baada ya mtoto kukwisha kurudishwa kwao na madaftari yake mkononi.

Povu lile ni mate. Mtoto aangukapo na viungo vyake vikakakamaa, koo halimezi, na pumzi inayojipenyeza baina ya meno yaliyofumbana huyachanganya mate na hewa mpaka yakafura. Na likitoka jekundu, ameuma ulimi. Maradhi yenyewe makazi yake ni ubongo, ambamo umeme wa asili uliopaswa kwenda kwa nidhamu hufumka wote kwa pamoja, ama kwa sababu mtoto alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, ama malaria ilimpanda kichwani, ama alipata homa ya uti wa mgongo, ama ana kovu la jeraha la kale, na mara nyingi kwa sababu ambayo vipimo vyetu havikuifichua. Kifafa cha sababu yoyote kati ya hizo hakihami kwa povu. Lau mate yale yangekuwa na sumu, mama ampangusaye mwanawe kinywa usiku baada ya usiku angalianguka wa kwanza, na wauguzi wa wodi zetu wangalimfuatia.

Wala dhana hii si upuuzi usiodhuru. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyefungua kliniki ya kifafa huko Mahenge, Tanzania, zaidi ya miaka 60 iliyopita, aliwakuta wagonjwa wenye makovu ya kutisha, watu walioangukia motoni ilhali waliokuwapo wakikhofu kuwagusa. Majeraha ya namna hiyo nami nimeyafunga bendeji, na sikuona hata moja lililosababishwa na kifafa peke yake. Kila moja lilikuwa na jirani aliyesimama akitazama.

Msaada wa shuleni ni mwepesi. Akianguka, tazama saa, ondoa vitu vigumu, mwekee kitu laini chini ya kichwa, na mtetemeko ukitulia mlaze ubavu. Usimtie kijiko kinywani, kwani huvunja meno. Usimnusishe kitunguu wala kiatu. Usimnyweshe kitu mpaka fahamu zimrejee. Mtetemeko ukipita dakika 5, au ukirudia kabla hajazindukana, mpelekeni hospitali. Akishapumzika, arudi darasani, na apewe masomo yaliyompita. Fenobabitali hunywewa mara moja usiku, kabamazepini asubuhi na jioni, hivyo wengi hawana haja ya dozi shuleni. Wa bweni wawe na mtu mzima mmoja anayetunza dawa zao. Mtoto asipike peke yake, asiogelee peke yake. Haya yote yaandikwe katika karatasi moja, mzazi na mganga watie saini, ibandikwe ofisini.

Kati ya wagonjwa 10, hata 7 waweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa ipasavyo. Nayo Sheria ya Mtoto ya 2009 haikumtoa mwenye kifafa katika haki ya elimu. Basi, mwalimu, yule uliyemrudisha kwao wiki iliyopita, mwite Jumatatu.