Mzigo wa Mwenzio na Kanda la Usufi

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Gunia likiwa kichwani mwa mwingine huonekana jepesi, na maumivu yakiwa mwilini mwa mwingine huonekana yanavumilika. Tunapita wodini kumtazama mgonjwa, tunasema "pole", na kabla neno halijaisha mdomoni macho yetu yamekwisha fika mlangoni. Huruma tunayo. Lakini aghalabu tunaogopa kwamba tukiyakaribia mno machungu yale, nasi yatatulemea.

Katika mazungumzo yetu ya wiki hii tutazame zoezi moja la kiroho la Wabudha wa Tibet ambalo shabaha yake ni hofu hiyo hiyo, na chombo chake ni pumzi tu. Huitwa tonglen, neno la Kitibeti lenye maana ya kutoa na kupokea. Walimu wengi wa mazoezi ya kupumua hutuambia tuvute utulivu na kutoa uchovu. Tonglen imeligeuza jambo hilo juu chini. Anayeifanya huvuta ndani mateso ya mwenziwe, kisha hutoa nje faraja yake mwenyewe.

Je, zoezi hili limetoka wapi? Mizizi yake iko India. Katika karne ya 8 mtawa Shantideva, wa chuo kikuu cha Nalanda, alifundisha kwamba mtu ajiweke mahali pa mwenziwe na kumweka mwenziwe mahali pake. Baadaye Atisha, aliyezaliwa Bengali mwaka 982, alivuka bahari hadi Sumatra, akakaa huko miaka 12 kwa mwalimu aliyeitwa Serlingpa, ili ajifunze namna ya kuuzoeza moyo huruma. Mwaka 1042 aliyachukua mafundisho hayo hadi Tibet, na huko ndiko alikofariki mwaka 1054.

Kwa muda mrefu mafundisho hayo yalitolewa kwa siri, mwalimu akimnong'oneza mwanafunzi. Aliyeyatoa hadharani ni Chekawa, aliyeishi kati ya mwaka 1101 na 1175. Masimulizi ya Kitibeti yanasema aliwafundisha wagonjwa wa ukoma, watu waliokwisha tengwa na jamaa zao. Yasemekana alikuwa na ndugu yake asiyejali kabisa mambo ya dini, lakini akawa anajibanza karibu na mlango akisikiliza, na kidogo kidogo ukali wake ukapungua. Chekawa alipoona hivyo aliamua kwamba dawa inayomfaa hata mtu wa namna hiyo haifai kufichwa. Akayaandika mafundisho yake katika nukta saba ambazo zinasomwa mpaka leo.

Sasa tuangalie jinsi linavyofanywa. Mtu huketi mgongo wima, juu ya mto au hata juu ya kiti, akaiacha pumzi yake itulie. Pumzi hailazimishwi, wala haizuiwi. Kisha humkumbuka mtu mmoja ambaye kumhurumia si kazi, kama vile mama yake au mtoto anayeumwa. Anapovuta pumzi, huwaza kwamba anayavuta mateso ya mtu huyo, mazito na meusi kama moshi. Anapoitoa, humpelekea nafuu na kila jema alilo nalo, mfano wa mwanga mweupe. Baada ya hapo huwapanua walengwa wake: wote wenye ugonjwa kama ule, kisha mtu asiyemjua, na mwisho kabisa yule aliyemkosea. Chekawa alishauri pia kwamba mtu aanze na taabu zake mwenyewe, maana anayeukimbia uchungu wake hataweza kuupokea wa mwingine.

Hapa msomaji atauliza: je, moshi huo mweusi hauniletei madhara? Jibu la walimu ndilo kiini cha zoezi lote. Moshi haukai kifuani. Huenda moja kwa moja kulipiga donge la kujipenda lililo moyoni, yaani ile sauti isemayo "mimi kwanza", na hapo moshi na donge huyeyuka pamoja. Mateso ya mwenzio yanakuwa nyundo ya kuuvunja ukuta wako. Hata hivyo, mtu aliyeelemewa na msiba mpya au maradhi ya akili asijilazimishe. Heri aanze na jambo dogo, na awe na mwalimu karibu.

Uchunguzi wa miaka ya karibuni una la kutuambia kuhusu hofu hiyo. Mwaka 2014 kundi la watafiti, akiwamo Tania Singer, wakati huo wa taasisi ya Max Planck mjini Leipzig, na mtawa Matthieu Ricard, lilichapisha matokeo ya kuwafunza watu kwanza kuhisi maumivu ya wengine, kisha kuwatakia heri. Fundisho la kwanza peke yake liliwaongezea majonzi. La pili liliyapunguza na kuwarudishia hisia njema. Mazoezi yale hayakuwa tonglen yenyewe bali jamaa yake, lakini yanatuonyesha kwa nini Watibeti hawakuishia kwenye kuvuta. Anayepokea tu bila kutoa huchoka. Wauguzi, na wale wanaowalea wazazi wagonjwa nyumbani, wanaujua uchovu huo vizuri.

Na nafasi yake katika siku ya mwumini ni ipi? Haisimami peke yake. Alfajiri huanza na nia ya kuwafaa viumbe wote. Hufuata kikao, hata kikiwa cha dakika 10. Na humalizika kwa dua ya kuielekeza thawabu yake kwa wengine. Lakini mtihani wenyewe huja mchana, mtu anapotukanwa au anapopita mbele ya mtu mwenye shida. Hapo hapo, bila kufumba macho, huweza kuvuta pumzi moja kwa ajili ya mtu yule na kutoa moja.

Dalai Lama wa 14, anayeishi uhamishoni India tangu mwaka 1959, amesema hulifanya zoezi hili kila siku. Mwaka 2008, ghasia zilipozuka Lhasa na watu wakauawa, alieleza kwamba aliwawaza viongozi wa China, akavuta ndani hasira na shuku zao, akawapelekea subira na msamaha. Hakudai kwamba pumzi zake zilibadili mambo mjini Lhasa. Zilimsaidia asitawaliwe na chuki, na wakati huo huo aliendelea kusema wazi yale aliyoyaona kuwa ni dhuluma.

Ndiyo kusema kwamba pumzi hii haichukui nafasi ya mkono. Anayeketi nusu saa akivuta njaa ya jirani yake, kisha akainuka na kufunga mlango wa jiko, hakufanya tonglen, alipumua tu. Kila mmoja wetu ana sala na ibada yake, na hatukusudii kumhamisha mtu kutoka dini yake. Lakini siku nyingine ukiwa kando ya kitanda cha mgonjwa, kabla hujasema "pole", vuta pumzi moja taratibu na umtazame usoni. Huenda neno hilo likatoka likiwa na uzito wake. Kisha muulize kama maji yake ya kunywa yamekwisha.