Kabla hujanunua giaboksi ya mtumba, tazama mkia wake

Na Mwandishi Wetu

GARI likifa giaboksi mjini Arua, mwenye gari huanza kupiga hesabu kabla fundi hajashika spana. Kampala, kwenye maduka makubwa ya spea, ni mwendo wa karibu kilomita 500. Mvua nazo hazisubiri, na mzigo wa Koboko umeshalipiwa.

Ndipo huja swali linalosikika katika gereji za Mvara na kwingineko: giaboksi ya otomatiki iliyotoka kwenye gari la kuvuta magurudumu mawili, inaweza kufungwa kwenye foo-wili?

Jibu ni kwamba nzima kama ilivyo, haifai. Lakini vipande vyake vya ndani vingi vinaweza kufaa, ilimradi mnunuzi na fundi wake wajue wanachokitafuta.

Suala hili si dogo kwa watu wa West Nile. Lami inatoka Vurra, mpakani mwa Kongo, hadi Oraba, mpakani mwa Sudan Kusini, lakini ukiiacha kuelekea vijijini au kwenye makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp na Imvepi, utelezi wa masika humdai dereva magurudumu yote manne.

Aidha, tangu sheria ya usalama barabarani ya Uganda irekebishwe mwaka 2018, gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi haliruhusiwi kuingizwa nchini. Kwa maana hiyo, Hilux Surf na Prado za miaka ya 1990 zilizopo ndizo hizo hizo. Ikiharibika moja, hakuna nyingine inayokuja kutoka Japani.

Herufi ya mwisho

Chukua mfano wa giaboksi za familia ya A340, zilizofungwa kwenye Toyota nyingi za miaka hiyo. A340E ni ya magari ya kuvuta magurudumu ya nyuma, kama Crown na Supra. A340F na A340H ni za foo-wili. Namba ni ile ile. Herufi ya mwisho ndiyo inayotenganisha.

Tofauti kubwa iko mkiani. Kwenye A340E, shafti ya kutolea nguvu inaishia ndani ya kopo refu, na propela shafti huchomekwa humo moja kwa moja. Kwenye foo-wili, shafti hiyo inaingia kwenye transfa, ambayo hugawa nguvu kwenda mbele na nyuma.

Wapo wanaodhani kazi ni kufungua kopo la nyuma na kubandika transfa. Sivyo. Shafti yenyewe ni tofauti, na imeshikwa na gia za ndani. Kuibadilisha kunadai giaboksi yote ifunguliwe hadi sahani ya mwisho.

Vipande vinavyohamishika

Ndani ya familia moja, sahani za klachi, gia na pampu ya oili mara nyingi hulingana. Kwa hiyo fundi mzoefu huliacha ganda la foo-wili, shafti yake na mkia wake, kisha huhamisha vile vya ndani vilivyo vizima.

Hata hivyo, ni lazima ahesabu. Idadi ya sahani za klachi hutofautiana kwa kufuata nguvu ya injini. Kuhamisha sahani chache kutoka gari dogo kwenda kwenye Surf ya dizeli ni kununua ubovu mwingine.

Toki konveta, lile duara linalopokea mzunguko wa injini, lilinganishwe na injini yako, si na giaboksi uliyonunua. Sampu na chujio huweza kuwa na umbo tofauti, na sensa ya mwendo mara nyingi hukaa kwenye transfa badala ya mkiani. Ikikosewa, spidomita hudanganya na kompyuta huchelewa kubadilisha gia.

Kwa magari yanayovuta kwa mbele mambo ni magumu zaidi. RAV4 iliyotengenezwa kati ya 2000 na 2005 ilitumia U241E kwa magurudumu mawili na U140F kwa manne. Hizo si ndugu wa tumbo moja. Usitarajie kubadilishana kirahisi.

Njia ya mkato

Wapo wanaoamua kufunga giaboksi ya magurudumu mawili nzima, transfa ikawekwa pembeni na propela shafti ikakatwa au kuunganishwa ili ifike. Gari litatembea, lakini si foo-wili tena, na gia nzito ya kupandia mlima imekwenda na transfa.

Propela iliyounganishwa bila kusawazishwa hutetemesha gari zima, ikala beringi na oili sili. Mnunuzi wa baadaye naye akiliona lilivyo refu kwenda juu huamini ni foo-wili, hadi siku atakapokwama topeni na mgonjwa ndani.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujatoa fedha, soma kibati cha gari lako chini ya boneti au mlangoni. Aina ya giaboksi imeandikwa hapo. Linganisha na ile unayouziwa. Chomoa kijiti cha oili uinuse: nyekundu na safi ni dalili njema, nyeusi yenye harufu ya kuungua ni klachi zilizokwisha. Kisha mwombe muuzaji akuonyeshe mkia.

Ukikuta kopo refu na wewe una foo-wili, lipa bei ya vipande, si bei ya giaboksi nzima. Wahenga walisema, rahisi huvunja upishi.